Koili Tatu za Mwanaheri

"Mwenzio si aliye ubavuni, ni apandaye nawe na kushuka nawe."

Ndiyo hiyo mliyoisikia sasa hivi, mama yule wa kanga ya njano akimwambia binti yake, na nyinyi mkaangaliana kama mbuzi waliosikia redio. Mmoja wenu anasema ni methali ya wahenga. Mwingine anaapa imo katika kitabu cha kidato cha kwanza. Haimo. Nami nilisoma mpaka kidato cha nne, ingawa mkiniona na koleo la mkaa hamuamini. Wahenga wa methali hiyo wapo hai, na mmoja wao leo asubuhi alikuja hapa kuninung'unikia kwamba pilipili yangu haiwashi. Kaeni kwenye benchi niwaeleze. Mniite mzee kwa muda huu tu. Nina mvi moja, na hiyo yenyewe naisingizia baridi ya Soni.

Methali hii ilizaliwa pale ng'ambo ya barabara, kwenye gereji, na kilichoizaa ni koili za gari.

Gereji mnaiona. Ni paa moja refu la mabati, na chini yake mafundi wamepanga meza zao mstari mmoja, kuanzia barabarani mpaka kwenye ukingo wa korongo. Meza ya kwanza, ya barabarani, ilikuwa ya Mwanaheri Shemboza. Iliyofuata ni ya Fundi Mbelwa. Ya mwisho kabisa, kule kwenye korongo ambako hata mteja haendi mpaka apotee, ilikuwa ya Mzee Shekalaghe.

Mmesikia nimesema Fundi Mbelwa, halafu nikasema Mwanaheri tu, mtu mzima mwenye watoto wawili. Sikukosa adabu. Pale gerejini jina la fundi halitolewi kama pipi.

Desturi yao ni hii. Ukitaka kuitwa fundi, unachukua gari ulilolitengeneza kazi kubwa, unalishusha mpaka Mombo, unalipakia mzigo, kisha unalipandisha mpaka hapa Soni bila kusimama. Wenyewe wanaita kupandisha. Mlima ule mnaujua: kona juu ya kona, ukuta wa mwamba upande huu, upande wa pili korongo linakusubiri kwa subira. Kiti cha mbele anakaa mtu ambaye tayari ni fundi, naye ndiye mdhamini. Wengine wote wanabaki juu, wanasikiliza. Ukifika bila kusimama, umekuwa fundi. Ukisimama popote, hata kama ni kumpisha ng'ombe, umeshindwa, na ng'ombe hahojiwi.

Unapewa mara tatu. Mara mbili za kwanza mdhamini hapotezi kitu. Anashuka, anajipangusa vumbi, maisha yanaendelea. Ya tatu ndiyo yenye meno. Ukishindwa, unatundika spana mwaka mzima, na mdhamini wako anatundika pamoja nawe.

Mwanaheri alikuwa amekwisha kushindwa mara mbili. Mara ya kwanza bomba la rejeta lilichomoka kwenye kona ya nane, mvuke ukatoka kama treni. Mara ya pili petroli iliisha njiani, kwa sababu mwenye gari alimwambia imo ya kutosha naye akamwamini. Siku ile watu walimhurumia wakasema kosa si lake. Mzee Shekalaghe peke yake, akiwa amesimama na kikombe chake cha uji, alisema, "Gari lisilo na mafuta limekaguliwa na nani?" Kisha akarudi korongoni kwake. Tangu hapo Mwanaheri alikuwa akimwamkia shikamoo, anaitikiwa marahaba, na mazungumzo yanaishia hapo.

Mdhamini wake mara zote mbili alikuwa Fundi Mbelwa. Na nisimwonee Mbelwa, alikuwa jirani mwema kweli. Chai ya tangawizi wakinywa kutoka chupa moja, spana wakiazimana bila kuulizana, mvua ikipuliza upande wa barabara Mbelwa ndiye alikuwa akimsaidia kushikilia turubai. Ukimwuliza Mwanaheri rafiki yake gerejini ni nani, alikuwa hamalizi kusikia swali.

Sasa likaja gari la Mwalimu Kiluwa.

Mwalimu Kiluwa alikuwa amestaafu ualimu wa hesabu, lakini hesabu zenyewe zilikuwa hazijamstaafu yeye. Alikuwa na gari, saluni moja ya zamani, nyeupe, ndefu, yenye injini ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja. Ikiwa nzima, ilikuwa inapita hapa husikii injini, unasikia tairi tu. Lakini ilianza kumisi, yaani silinda moja moja inaruka bila kuwaka. Kila silinda ilikuwa na koili yake, imekaa juu ya plagi kama kofia, kazi yake kuipa plagi moto ili itoe cheche. Koili hizo zilikuwa zimezeeka, zikipata joto zinakata. Mwanaheri akibadilisha moja, baada ya wiki inakata nyingine. Za aina ile hazikuwa zinapatikana tena, si Tanga, si Arusha. Zilizopatikana zilikuwa zimetoka kwenye magari yaliyokufa kwa ugonjwa huohuo.

Siku moja Mwanaheri akarudi kutoka kwa wauza vyuma chakavu na mfuko. Akaumwaga mezani: koili tatu, kubwa kama viazi, zimetoka kwenye gari jingine kabisa.

"Tatu," akasema Mwalimu Kiluwa. "Silinda ni sita."

"Kila moja ina midomo miwili, Mwalimu. Moja italisha silinda mbili."

Mwalimu akatazama juu kidogo. "Sita kwa tatu ni mbili. Hapo sina pingamizi."

"Na ndilo gari nitakalopandisha," akasema Mwanaheri.

Kila mtu alikuwa anajua kwamba hiyo ndiyo ya tatu. Kuchukua gari lililotoka kiwandani na mfumo wake, ukaling'oa mfumo huo, ukaliwekea wa gari jingine, halafu ukalipeleka mlimani ukiwa umebakiwa na nafasi moja: wengine walisema ni ujasiri, wengine walisema neno jingine ambalo nikilitamka mama zenu watanifungia jiko.

Mbelwa akaja kusaidia, kama kawaida yake. Wakazitoa zile koili sita, wakazifunga zile tatu kwenye bati pembeni ya injini. Swali likabaki: ipi ilishe zipi?

"Jirani na jirani," akasema Mbelwa, akikoroga chai. "Ya kwanza na ya pili, ya tatu na ya nne, ya tano na ya sita. Waya fupi, moto haupotei njiani, na kazi inapendeza machoni."

Mwanaheri akaona ni busara. Hata mimi niliyekuwa huku na mishikaki yangu niliona ni busara, na hiyo ilitosha kuwa dalili mbaya. Mjue pale mafundi wote walikuwa wamezoea gari ambalo kila koili inavaa plagi yake, hakuna aliyekuwa na haja ya kufikiri nani anaambatana na nani. Na kwao gerejini ujirani ndiyo sheria: wa meza ya kwanza humsaidia wa pili, wa tatu humsaidia wa nne. Wakaunganisha. Waya zikalala sambamba, safi kama nywele za mtoto wa shule Jumatatu. Mwalimu akaingia, akazungusha ufunguo.

Injini ikakohoa mara mbili. Halafu ikalipuka kwa njia ya kuvutia hewa, mshindo mmoja mzito. Mpira wa bomba la hewa ukachomoka, ukavuka barabara, ukaja kutua kwenye sinia langu la kachumbari. Watu watatu walilala chini. Mbelwa alikuwa wa kwanza.

Nikaurudisha ule mpira mwenyewe. Nikamwambia Mwanaheri, "Dada, mzigo wako huu. Nimeufuta ndimu."

Hakucheka. Alikuwa ameegemea boneti, anaitazama ile injini kama mtu aliyejibiwa vibaya na mtoto wake mwenyewe. Mbelwa akasema bora arudishe zile koili za zamani, atafute gari jingine la kupandisha, jepesi, la silinda nne. Mwanaheri akasema, "Hapana. Hii injini inaniambia kitu." Akafunga boneti.

Kesho yake mchana akaja hapa kwangu.

"Nipe vijiti sita."

"Vyenye nyama au vitupu?"

"Vitupu."

"Vitupu sijawahi kuuza. Vitaniharibia jina langu."

Akavichukua mwenyewe, vile virefu vya mianzi, akaondoka. Nikamfuata, maana mali ni yangu na umbea ni wangu vilevile. Akazitoa plagi zote sita. Katika kila tundu la plagi akasimamisha kijiti kimoja, kikakalia kichwa cha pistoni ndani. Kisha akapiga magoti mbele ya injini, akashika puli kubwa kwa spana, akaanza kuizungusha kwa mkono, polepole, huku ameinua shingo anaangalia vijiti.

Na mimi nikaona. Kijiti cha kwanza kikawa kinapanda. Cha pili, jirani yake, kinashuka. Lakini kule mwisho kabisa, kijiti cha sita kilikuwa kinapanda sawasawa na cha kwanza, kama wanatazamana. Vikafika juu pamoja, vikaanza kushuka pamoja. Halafu vikapanda cha pili na cha tano. Halafu cha tatu na cha nne. Kina mama watatu wakitwanga kinu kimoja, mchi huu ukishuka ule unapanda, hawagongani. Ndivyo ilivyokuwa, ila hapa kila mtwangaji alikuwa na pacha wake upande wa pili.

Mwanaheri akazungusha tena na tena. Mara ya nne akakaa chini kwenye mafuta, akasema taratibu, "Kumbe."

Niwafafanulie, maana naona wewe wa kwenye kona umeanza kuhesabu mishikaki. Koili ya midomo miwili ikipiga, inapiga kote kwa wakati mmoja. Silinda mbili zikiwa zinapanda pamoja, moja inakuwa imebana mafuta yake tayari kuwashwa, na nyingine inakuwa inatoa moshi. Cheche ya kwanza inafanya kazi, ya pili inapotelea kwenye moshi, haimdhuru mtu. Lakini ukiziambatanisha zisizopanda pamoja, cheche ya pili itaikuta silinda ndiyo kwanza inavuta mafuta, mlango wa hewa u wazi, na hapo ndipo mpira unapokuja kula kachumbari.

"Nani kakufundisha hiyo?"

Tukageuka. Mzee Shekalaghe alikuwa amesimama nyuma yetu, sijui tangu lini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nimeuliza."

"Vijiti, mzee," akasema Mwanaheri.

Mzee akaviangalia vile vijiti sita kwa muda. Akashika spana, akaizungusha injini mzunguko mmoja mwenyewe. Akasema, "Hm." Akaondoka.

Mwanaheri akaunganisha upya. Ya kwanza na ya sita. Ya pili na ya tano. Ya tatu na ya nne. Waya sasa zilikuwa ndefu, zinapishana juu kwa chini, nyingine inavuka injini nzima kwenda kumtafuta mwenziwe. Amri za kuwasha zinazotoka kwenye kompyuta ya gari akazikutanisha mbilimbili kwa mpangilio huohuo. Mafundi wakapita mmoja mmoja kuchungulia.

"Dada," akasema Mbelwa, "hiyo ni injini au mtu kasukwa na mlevi?"

"Washa, Mwalimu," akasema Mwanaheri.

Ikawaka kwa mguso mmoja. Mwalimu akashuka kuuliza kama imewaka. Ndivyo ilivyotulia.

Basi ikapangwa kupandisha Alhamisi. Asubuhi ya Alhamisi, kama desturi inavyotaka, Mwanaheri akachukua sanduku lake la spana akaliweka kwenye jiwe pale mlangoni, mbele ya watu wote. Mdhamini naye anatakiwa kuja kuweka lake pembeni. Wakishindwa, masanduku yote mawili yanafungwa hapohapo.

Tukamtazama Mbelwa. Mbelwa akawa anatazama mlima.

"Mgongo, dada," akasema. "Tangu jana. Na zile kona."

Mgongo uleule ambao Jumanne ulikuwa umebeba gia boksi peke yake. Lakini sikumlaumu sana. Alikuwa na watoto wanne, na mwaka mzima bila spana si mchezo wa kumfurahisha jirani. Mwanaheri akasema, "Pumzika, kaka. Upone." Akageuka kwa wengine. Mmoja alikuwa anafunga nati iliyokwisha kufungwa. Mwingine alikuwa ameingia chini ya gari lisilo na tatizo. Mwanaheri akabaki amesimama kando ya sanduku lake, mikono imening'inia, na kwa mara ya kwanza nikamwona amekuwa mdogo.

Ndipo tukasikia chuma kinaburuzwa.

Lilikuwa linatoka kule korongoni, likipita meza baada ya meza: sanduku la Mzee Shekalaghe, la bati nene, zito mno kwa umri wake, analivuta kwa kamba. Alipofika mlangoni akaliinua akalitua juu ya jiwe, kando ya lile la Mwanaheri. Jiwe lenyewe lilitikisika.

"Mzee," akasema Mwanaheri, "ni ya tatu hii."

"Najua kuhesabu."

"Ukitundika wewe, kwa umri huo..."

"Mara mbili nilisema hukuweza, kwa sababu hukuweza," akasema mzee. "Leo nimeona vijiti. Mtu akikaa huku juu anasema ukweli juu ya gari la mwenzake, siku moja sharti alipande. Twende, jua linapanda nalo halina mdhamini."

Wakashuka Mombo. Nami nikashuka nao, maana desturi inataka mzigo, na magunia manne ya viazi yalipojaza buti wakasema bado jepesi, anatakiwa mtu mzito asiye na shughuli. Sikujua kwa nini wote walinitazama mimi. Nikakaa nyuma na Mwalimu Kiluwa. Kwa hiyo ninayowaeleza sasa sikuhadithiwa. Nilikuwa mzigo halali.

Kutoka Mombo tulipanda vizuri sana. Kona ya kwanza, ya pili, ya tano, injini inavuta kwa sauti moja, nene, kama wazee wanaoitikia dua. Kona ya nane, pale rejeta ilipomwaibisha, Mwanaheri hakugeuza hata jicho. Mzee alikuwa amefumba macho kabisa. Mwalimu akaninong'oneza, "Amelala?" Mzee akajibu mwenyewe, "Nasikiliza."

Tulipokaribia maporomoko ya maji, ukungu ukatoka korongoni. Mnaujua ule ukungu, unaloanisha mpaka mawazo. Ukaingia chini ya boneti. Na kwenye mwinuko wa mwisho, ule mkali kuliko yote, injini ikalegea.

Haikutingishika. Ilipungua tu nguvu, kama mtu aliyekuwa anaimba kwa kifua na sasa anaimba kwa koo. Mwendo ukaanza kufa.

"Simama ukague, binti," akasema Mwalimu. "Gari langu hilo."

Mwanaheri hakuondoa mguu kwenye mafuta. "Mzee, limepoteza nguvu."

"Mbili," akasema Shekalaghe, macho bado yamefumbwa. "Zimetoka mbili."

"Koili moja inavujisha moto. Waya mrefu umelowa."

"Zimetoka pacha au zimetoka jirani?"

Mwanaheri akatega sikio. Nami nikasikiliza, ingawa nilichokuwa nasikia ni moyo wangu na viazi. Kisha akasema, "Pacha. Mbili zinapiga, nafasi moja kimya. Mbili, kimya. Mbili, kimya. Haliyumbi."

"Basi zilizobaki nne zinapokezana sawa. Ungepanga jirani na jirani lingekuwa limetutupa korongoni." Mzee akafumbua macho. "Unafanya nini?"

"Nasubiri uniambie, mzee. Sanduku lako lipo kule juu."

"Sanduku langu liache. Gari ni la nani leo?"

Mwanaheri akashusha gia mpaka ya chini kabisa. Akakanyaga mafuta si kwa hasira, kidogokidogo, kama mtu anayemshawishi ng'ombe mzee. Tukawa tunapanda mwendo wa mtoto anayetumwa dukani asikotaka kwenda. Kuna bibi mwenye kuni kichwani alitupita, na alituamkia. Hakuna aliyejibu. Mita kwa mita, mbili na kimya, mbili na kimya, mpaka boneti ikainama yenyewe, nikaona paa la mabati.

Walikuwa wamejipanga barabarani wote. Mwanaheri alipitisha gari mbele yao, akaliingiza mpaka ndani ya gereji, ndipo akakanyaga breki. Hakuna aliyepiga kelele. Walikuwa wamesikia ile sauti kutoka mbali.

Fundi Mbelwa ndiye aliyesema. "Limemisi. Tumelisikia tangu kwenye maporomoko."

Mwanaheri akashuka. Akafungua boneti mbele ya watu wote, akanyoosha kidole bila kuficha. "Limemisi kweli. Koili hii ya kati, mpira wa waya wake haukuziba vizuri, ukungu ukaingia. Kosa ni langu." Akachukua kitambaa kikavu, akaufuta, akaubana upya kwa vidole. Akaingia akawasha. Silinda zote sita zikaitika, na injini ikatulia vile ilivyokuwa siku ile Mwalimu aliposhuka kuuliza.

"Lakini limemisi," akarudia Mbelwa, sasa taratibu zaidi.

Mzee Shekalaghe alikuwa bado anatoa mguu mmoja nje ya gari. "Limemisi na limefika," akasema. "Kuna ambao leo hawakumisi hata kidogo. Hawakupanda." Akaenda kwenye jiwe, akashika kamba ya sanduku lake, na kijana mmoja aliyekuwa amesimama njiani akaambiwa, "Sogea hapo. Mpishe Fundi achukue sanduku lake."

Fundi. Nilikuwepo, nilisikia kwa masikio haya. Mwanaheri alisimama kidogo, kama mtu aliyeitwa na hana uhakika kama ni yeye. Kisha akaenda jiweni ameinua kichwa, akalibeba sanduku lake kwa mkono mmoja, na kina mama wa sokoni waliokuwa wamevuka barabara kuja kutazama wakapiga vigelegele ambavyo nadhani Mombo walivisikia.

Mbelwa akamfuata mpaka mezani. Hakuwa na ubaya, alikuwa ameumia tu. "Fundi," akasema, na neno hilo alilitoa kwa heshima, "miaka yote mimi ndiye niliyekaa hapa pembeni yako. Chai moja, turubai moja. Leo mwenzio amekuwa mtu wa korongoni. Mimi jirani yako nimekosa nini?"

Mwanaheri alikuwa anafuta mikono. Akamshika mkono, akampeleka mpaka kwenye ile injini iliyosukwa na mlevi, akamwonyesha waya mmoja, akaufuata kwa kidole kutoka silinda ya kwanza, ukapita juu ya ya pili, ya tatu, ya nne, ya tano, ukaishia kwenye ya sita.

"Hujakosa kitu, kaka," akasema. "Chai tutakunywa kesho kama kawaida, na tangawizi ni zamu yangu. Lakini nimejifunza kwenye injini hii, na leo nimejifunza tena barabarani. Mwenzio si aliye ubavuni. Ni apandaye nawe na kushuka nawe."

Mbelwa akautazama ule waya kwa muda mrefu. Kisha akacheka, kicheko cha mtu aliyepigwa akakubali kwamba ngumi ilikuwa nzuri. Na mwaka uliofuata, mtu mwingine pale alipofikia ya tatu, mnajua nani aliweka sanduku kando ya lake kabla hata hajaombwa? Huyohuyo mwenye mgongo.

Toka siku ile maneno yale yakatoka gerejini. Wapagazi waliyapeleka sokoni, akina mama wakayapeleka harusini, na juzi nimemsikia sheikh mmoja akiyasema msibani. Wengi wao hawajui koili ni nini wala hawajamwona Fundi Mwanaheri. Lakini nyinyi sasa mnajua, na msije mkaniambia tena ni ya kitabuni. Wapo watakaokaa karibu nawe mpaka mabega yenu yagusane, mkala sahani moja, na siku ya mlima wakatazama pembeni. Na yupo mmoja, pengine kakaa mbali, pengine maneno yake machungu, ambaye ukishuka atashuka, ukipanda atapanda, na nguvu zikikata mtakatikiwa pamoja na bado mtafika. Huyo ndiye wa kumtafutia waya, hata ukiwa mrefu, hata watu wakiucheka.

Mwenzio si aliye ubavuni. Ni apandaye nawe na kushuka nawe.